Natakiwa kusafiri kikazi, lakini kila sahani ya nje inanitia hofu

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nimeolewa na nimeajiriwa katika ofisi ambayo sitaitaja. Baada ya kutibiwa kwa muda mrefu upungufu wa damu ambao haukukubali vidonge vya madini ya chuma, daktari aliagiza nipimwe damu kwa namna nyingine, kisha nikaingizwa kamera tumboni na kukatwa vipande vidogo vya utumbo kwa uchunguzi. Majibu yakaonyesha kuwa nina ugonjwa wa siliaki. Nikaelezwa kuwa tiba yake ni kuacha kabisa, kwa maisha yangu yote, ngano, shayiri, rai na kila kinachotokana na nafaka hizo, kwa sababu ya gluteni, yaani protini iliyomo ndani yake.

Nyumbani nimejipanga na sina malalamiko makubwa. Kinachonishinda ni nje. Muda mfupi baada ya majibu hayo nilitoka na wenzangu wa ofisini kwenda kwenye mgahawa, nikaagiza saladi na kumweleza mhudumu kuwa mimi sili mkate. Saladi ililetwa ikiwa imetawanyiwa vipande vya mkate uliokaushwa. Nilipomkumbusha, aliomba radhi, akaichukua, na baada ya dakika moja akairudisha. Nilijua ni sahani ileile kwa sababu kipande cha nyanya nilichokuwa nimekwisha kukichoma kwa uma kilikuwa palepale, na nilipoinua jani la juu niliona chembe za mkate zimegandamana na mafuta. Sikuila. Bosi wangu akatania kuwa siku hizi nimeanza kuchagua chakula kama mtoto, wote wakacheka, nami nikacheka nao ili yaishe.

Tangu hapo nimekuwa nikisema kuwa nina vidonda vya tumbo, maana huo ni ugonjwa unaojulikana na hakuna anayehoji. Lakini maneno hayo yamenigeukia mwenyewe. Katika kikao kimoja, mwenzangu mmoja, kwa wema wake tu, aliniagizia supu laini na mkate mkavu, akisema kuwa hivyo havitanichoma tumbo. Nilishindwa hata kujua nimwambie nini.

Dukani nako nimekuwa mtu wa kusimama mbele ya rafu na kusoma lebo hadi walinzi wananitazama. Kuna bidhaa niliyoinunua kwa miezi kadhaa bila wasiwasi, kisha siku moja nikaona kwa bahati kuwa orodha ya viambato vyake imebadilika na ngano imeongezwa. Sasa siamini kitu chochote kilichofungwa kwenye pakiti.

Mume wangu ni mtu mwema, lakini anaona nimezidisha. Anasema kuwa kidogo hakiui, na anatoa ushahidi ambao siwezi kuupinga: mimi mwenyewe, hata kabla ya kupimwa, sikuwahi kuharisha wala kuumwa tumbo baada ya kula mkate. Nilikuwa nikichoka tu. Hivyo hujiuliza kama labda mimi ni miongoni mwa wale wanaoweza kuvumilia kidogo.

Na sasa ofisi imenichagua kwenda nchi nyingine kwa wiki nzima ya mafunzo, tukiongozwa na bosi huyohuyo. Tutakula pamoja mchana na jioni. Ni nafasi niliyoisubiri kwa muda mrefu na huenda isirudi upesi. Naona njia mbili tu: niende na kula kidogo kidogo kama wenzangu ili nisiwe kero, au nimwachie mwenzangu nafasi hiyo. Jambo jingine dogo: nimefikiria kuwaondolea watoto ngano pia, ili kama wamerithi wasifike nilipofika. Je, nitakuwa nimekosea?

Ni mimi,
Msomaji nisiyetaka kutajwa

JIBU

Dada yangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako kwa utulivu, na kila nilipoirudia nilisimama kwenye ile sahani ya saladi. Wengi huchukua muda mrefu kutambua kile ulichokiona wewe ulipoinua lile jani, kwamba mkate unaoonekana ni rahisi kuukataa, na kazi iko kwenye ule uliokwisha kuondolewa mezani. Kwa hiyo naanza kwa kukuambia kuwa macho yako hayajazidisha kitu siku ile. Kama umezidisha mahali pengine tutapaona tukiendelea.

Nikikuelewa vizuri, umefungiwa mahali pamoja na mambo ambayo kila moja lina jibu lake: kama mwili wako unaweza kuvumilia kidogo, namna ya kula na kununua chakula mahali usipopamudu, na namna ya kuishi na ugonjwa huu mbele ya watu ambao hawajawahi kuusikia. Safari yenyewe imeyakusanya yote kwa wiki moja, ndiyo maana inaonekana kubwa kuliko ilivyo.

Niruhusu nianze na hoja ya mume wako, kwa sababu naona imekuingia zaidi ya unavyokiri. Anasema kuwa hukuwahi kuumwa tumbo, nawe unaona huo ni ushahidi usiopingika. Lakini ni nini kilichokupeleka hospitali? Ni damu iliyokataa kupanda. Katika siliaki, kinga ya mwili ikikutana na gluteni hushambulia utumbo mwembamba wa mtu mwenyewe, na vile vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula husinyaa na kulala. Madini ya chuma hufyonzwa zaidi sehemu ya mwanzo kabisa ya utumbo huo, ambayo ndiyo sehemu inayoumia mara nyingi, na kwa hiyo vidonge vyako vilikuwa vikipita njia ambayo mlango wake ulikuwa umefungwa. Mwili wako ulilalamika muda wote, ila ulilalamika kwa uchovu. Watu wengi wenye siliaki hawana kuhara wala maumivu, na utumbo wao huendelea kuumia kimyakimya, hata mifupa ikadhoofika kabla hawajajua.

Kuhusu hicho kidogo kisichoua, kuna jambo la kupimika. Mwaka 2007 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya uchunguzi ambao watu wenye siliaki, waliokuwa wakifuata masharti ya chakula, walipewa kiasi kidogo cha gluteni kila siku kwa miezi mitatu. Waliopewa miligramu 50 kwa siku walionekana kuumia utumbo. Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina gluteni inayozidi miligramu 1,000, kwa hiyo tunazungumzia chembe, na chembe hizo hazikuhitaji kumpa mtu maumivu ndipo zimdhuru. Sisemi haya ili nikutishe. Ajali ya mara moja haikurudishi ulikotoka, maana utumbo unaoachwa bila gluteni hujijenga upya, ingawa kwa mtu mzima huweza kuchukua hata zaidi ya mwaka. Ninachotaka utofautishe ni ajali na mazoea. Wiki nzima ya kula kidogo kidogo, kwa makusudi, mchana na jioni, sioni namna ya kuiita ajali.

Je, mume wako amewahi kukaa nawe mbele ya daktari au mtaalamu wa lishe akayasikia haya kwa masikio yake? Nauliza kwa sababu mtu mwema anayesema umezidisha mara nyingi ni mtu aliyepokea habari zote kutoka kwa mgonjwa, tena kwa vipandevipande, jikoni, wakati wa kupika. Hatari ya kumpeleka ni kwamba huenda akaona unamshtaki. Ukimwambia kuwa unahitaji masikio mawili ya ziada kwa sababu wewe husahau nusu ya yanayosemwa, jambo ambalo ni kweli kwa mgonjwa yeyote, huenda akaenda kwa moyo mwingine.

Sasa tuje mezani. Umemwambia mhudumu kuwa huli mkate, naye akasikia hivyo hivyo: huyu hapendi mkate. Kwa mtu anayebeba sahani nyingi kwa saa moja, kuondoa vipande vya mkate ni kutimiza ombi lako. Sentensi inayomfanya asimame ni ile inayotaja ugonjwa, kisha kinachodhuru, kisha kiasi: nina ugonjwa wa siliaki, ngano, shayiri na rai zinanidhuru, hata chembe, naomba usaidizi wa mpishi. Wako wanaosema tu kuwa wana mzio, kwa kuwa jikoni neno hilo linaogopwa na lina utaratibu wake. Siliaki si mzio, na sina ugomvi na anayetumia njia hiyo ya mkato. Kasoro yake ni kwamba mpishi akisikia mzio wa ngano ataondoa ngano na kusahau kimea cha shayiri.

Baada ya hapo, maswali yako yaelekee kwenye vyombo kuliko kwenye jina la chakula. Viazi vya kukaanga ni viazi tu, lakini je, vimekaangwa katika mafuta yaleyale yaliyokaangia samaki waliopakwa unga? Nyama ya kuchoma ni nyama tu, lakini je, imelowekwa kwenye sosi ya soya, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa ngano pia? Mchuzi na supu, je, vimeongezewa uzito kwa unga? Tambi zisizo na gluteni, je, zimechemshwa katika maji mapya na kuchujwa kwa chujio safi? Moto hauiharibu gluteni, kwa hiyo sufuria lililochemka halijajisafisha. Maji na sabuni huiondoa, lakini dawa ya mikono yenye kileo haiiondoi, na mpishi aliyejipaka dawa hiyo baada ya kushika mkate bado ana mkate mikononi. Chakula kikija na kosa, usiombe kiondolewe kile kisichotakiwa. Omba sahani nyingine iliyoandaliwa upya, na ueleze sababu kwa sentensi moja. Ule mtindo wako wa kuweka alama kwenye nyanya, hata kama hukuukusudia, naupenda sana.

Meza ya bufee ndiyo ninayoiogopa kwa niaba yako, na kwenye mafunzo huwa haikosekani. Chakula chenyewe kinaweza kuwa salama kilipotoka jikoni, kisha kijiko cha tambi kikahamia kwenye wali na chembe za mkate zikamwagika kila mahali. Jambo linalowezekana ni kuomba mapema upakuliwe jikoni kabla vyombo havijatolewa. Ukiona mhudumu anajibu maswali yako upesi mno, akisema hakuna shida bila kwenda kuuliza, huo nao ni ujumbe. Kunywa kitu, kaa na wenzako, na ule ulichokibeba baadaye. Kukaa mezani bila kula si kosa, ingawa najua kuna watu watakaokutazama.

Kuhusu duka nitasema machache, kwa kuwa tayari unasoma lebo, na ile bidhaa iliyobadilika imekufundisha kuwa lebo husomwa kila mara, hata ya kitu ulichokizoea. Hofu yako kwa kila pakiti, hata hivyo, inaweza kupungua. Kiwango cha kimataifa cha Codex, yaani viwango vya chakula vya mashirika ya Umoja wa Mataifa, kinachofuatwa katika nchi nyingi, kinaruhusu chakula kuitwa kisicho na gluteni pale tu ambapo hakizidishi miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo, na kiwango hicho kiliwekwa kwa kuwafikiria watu kama wewe. Maandishi yanayosema bila ngano hayatoshelezi, kwa kuwa shayiri na rai zinaweza kuwamo. Oti nazo huchanganyikana na ngano shambani na kiwandani, hivyo zinahitaji lebo yake maalumu, na kuna wachache ambao hata oti safi huwadhuru. Muulize daktari wako kabla ya kuzianza. Epuka nafaka zinazouzwa wazi kwa kupimwa, maana kipimo hutoka gunia moja na kuingia jingine. Na kumbuka kwamba mchele mtupu, viazi, maharage, mayai, samaki na nyama visivyotiwa viungo, matunda na mboga havina gluteni kwa asili yake. Mtu anayeanzia hapo hasimami mbele ya rafu hadi walinzi wamtazame.

Jambo moja la kuangalia ukiwa ugenini: sheria za lebo hazifanani. Katika nchi za Umoja wa Ulaya nafaka zote zenye gluteni lazima zitajwe kwa maandishi yanayojitokeza katika orodha ya viambato, na tangu Desemba 2014 hata migahawa inawajibika kutoa taarifa hiyo. Marekani, ile sheria ya kutaja vyanzo vikuu vya mzio inalazimisha ngano itajwe, lakini haigusi shayiri na rai, kwa hiyo huko kimea ni neno la kulitafuta mwenyewe. Australia haiwaruhusu watengenezaji kuandika kuwa oti hazina gluteni, hata kama ni safi. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, tafuta desturi ya lebo ya nchi unayokwenda, na jifunze majina ya ngano, shayiri, rai na kimea kwa lugha yake. Kadi ndogo iliyoandikwa kwa lugha hiyo, inayoeleza ugonjwa, nafaka na suala la vyombo, humfikia mpishi bila wewe kuhangaika na matamshi.

Ndege nayo ina utaratibu wake. Mashirika mengi yana mlo maalumu usio na gluteni, ambao katika mfumo wao huandikwa kwa herufi GFML, na huombwa mapema, mara nyingi saa 24 hadi 48 kabla ya safari. Hakikisha ombi limeandikwa kwa kila ndege utakayopanda, pamoja na ile ya kurudi, na usishangae ukikuta mkate wa kawaida umewekwa pembeni ya trei hiyo kwa mazoea. Beba chakula chako cha akiba mkononi, kwa kuwa begi likipotea chakula hupotea nalo. Epuka kuvuka mpaka na nyama, maziwa au matunda, ambavyo nchi nyingi huvizuia. Chumba chenye jiko dogo au jokofu kinafaa kuliko chenye mandhari nzuri.

Limebaki lile ulilolipita haraka katika barua yako, yaani bosi. Umemwona kama mtu wa kukwepwa, na mzaha ule uliumiza, sikatai. Lakini hebu tutazame alichokuwa nacho mkononi alipousema: alimwona mfanyakazi akirudisha saladi, hakuambiwa sababu, na hata baadaye alichosikia ni kuwa ana vidonda vya tumbo. Mwenzako aliyekuagizia mkate mkavu alikuwa akikusaidia kwa ugonjwa ambao huna. Wema wote ulioko ofisini kwako unaelekezwa mahali pasipo. Ukiwaeleza ukweli, je, una hakika watacheka? Mimi sina, wala sina hakika kwamba hawatacheka.

Unaweza kumwandikia bosi barua fupi kabla ya safari, ukitaja ugonjwa, ukisema kuwa hauathiri kazi yako, na ukimwomba mambo mawili tu: waandaaji wa mafunzo waarifiwe, na ushirikishwe pale migahawa ya jioni inapochaguliwa. Maandishi yana faida ya kutozua mzaha mezani. Hatari yake ni kwamba wako viongozi ambao wakisikia ugonjwa huanza kumpunguzia mtu nafasi kwa kisingizio cha kumhurumia, nawe unamjua wako kuliko mimi. Unaweza pia kumpita bosi na kuwaandikia waandaaji na hoteli moja kwa moja, ukimwambia mwenzako mmoja tu unayemwamini. Hapo unalinda faragha yako, lakini utabaki na jioni za kujieleza papo kwa papo, na ile hadithi ya vidonda itaendelea kukuletea mkate. Na unaweza kutokwenda. Sitaiita njia hiyo woga. Kama damu yako bado iko chini na daktari anaona utumbo haujapona, kuahirisha ni uamuzi wenye heshima yake. Ila ukibaki, jiulize ni nini kitakachokuwa kimebadilika safari ijayo itakapokuja, na kama hakuna, basi huenda unachokiahirisha ni yale mazungumzo na bosi.

Kwa vyovyote, onana na daktari kabla ya kuamua. Muulize kiwango cha damu yako kikoje na zile kingamwili zilizopimwa mwanzo zimeshuka kiasi gani. Zikiwa chini ni habari njema, ingawa kipimo hicho hakiwezi kunasa kila chembe uliyokula, hivyo mume wako asikitumie kama ruhusa.

Mwisho, watoto. Siliaki hurithika kwa kiasi, na kwa mtoto wa mgonjwa uwezekano ni takribani mmoja kati ya kumi, kwa hiyo kutaka kuwakinga kunaeleweka. Lakini tafadhali usiwaondolee ngano kwanza. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza pale tu mtu anapokula gluteni, na mtoto aliyekwisha kuachishwa anaweza kupimwa akaonekana mzima ilhali ni mgonjwa. Wapeleke wapimwe hata kama hawana dalili, umuulize daktari warudiwe baada ya muda gani iwapo majibu ya kwanza hayataonyesha kitu, na hadi siku ya kutolewa damu waendelee kula mkate wao kama kawaida, kwenye ubao wao wa kukatia na kwa kisu chao, mbali na vyombo vyako.